Kabla Hujanunua Subaru ya Tabo, Mtafute Fundi

Mtu anayeishi Wote, Mwingi au Mutomo akiniuliza kama anunue Subaru ya tabo, simuulizi ana pesa ngapi. Namuuliza fundi wake ni nani na anakaa wapi. Wengi hunyamaza kidogo, kisha hutaja gereji fulani ya Nairobi. Kutoka Kitui mjini hadi Nairobi ni kilomita zaidi ya 170. Hapo ndipo ninapojua kwamba hesabu imefanywa nusu: bei ya kulileta gari nyumbani inajulikana hadi shilingi ya mwisho, ila gharama ya kukaa nalo haijaguswa.

Swali hili limekuwa la kawaida Ukambani, na chanzo chake ni chema. Tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka 2013, miji ya Wote na Kitui imepata watu wa mishahara ambao zamani wangelazimika kuhamia Nairobi: wahasibu, wauguzi, maafisa wa ardhi, wahadhiri wa Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kilichoko Kwa Vonza. Lami nayo imefika. Barabara ya kutoka Kibwezi kupitia Ikutha na Mutomo hadi Kitui, ambayo wakazi wake waliililia kwa miaka mingi, sasa imenyooka na kung'aa. Kijana aliyekulia ndani ya matatu za vumbi, akipata kazi na kuiona barabara ile imelala mbele yake, atatamani gari la kuifaidi. Simlaumu hata kidogo. Nayapenda magari haya, napenda mlio wao wa kudunda, na sikubaliani na wazee wanaosema kila anayeyataka ni mtu wa majivuno.

Mapenzi haya tumeyarithi. Safari Rally ilianza mwaka 1953, na hadi mwaka 2002 ilikimbizwa kwenye barabara za umma, zile zile zinazotumiwa na mabasi na punda wa maji. Mwaka 1994 Mkenya Patrick Njiru alimaliza wa nne akiwa na Subaru Impreza, na Mkenya mwingine, Ian Duncan, akashinda na Toyota. Colin McRae akaipa Subaru ushindi mwaka 1997, Richard Burns akarudia mwaka 2000. Mtoto aliyeisikia Safari redioni miaka ile ndiye mzazi wa leo, na mwanawe ameiona ikirudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021 kule Naivasha. Rangi ya buluu ya Subaru yenye rimu za dhahabu ina maana kubwa Kenya kuliko katika nchi nyingi. Kwa hiyo anayetaka Subaru ya mbio anataka kipande cha historia ambayo ni yake.

Lakini gari la Njiru lilikuwa na mafundi waliolisubiri kila kituo, wakiwa na matairi, tabo ya akiba na gia boksi nzima. Wewe ukiwa Kyuso saa mbili usiku unaye nani?

Tuanze na pesa ya kuingilia, maana hiyo ina kanuni. Kiwango cha KS 1515 kinakataza kuingiza nchini gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kisha kuna kodi, ambazo hupandiana moja juu ya nyingine. Chukua gari la petroli la cc 2,000 ambalo Mamlaka ya Mapato imelithamini kwa shilingi 1,000,000 baada ya kuondoa uchakavu. Ushuru wa forodha, ambao tangu Julai 2023 ni asilimia 35, unakuwa 350,000. Ushuru wa bidhaa, asilimia 25 ya jumla hiyo mpya, ni 337,500. Kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16 ya jumla inayofuata, ni 270,000. Hapo umeshalipa 957,500, bado ada ya tangazo la uagizaji na tozo ya reli. Gari moja unalinunua karibu mara mbili.

Sheria hiyo ya miaka minane ina jambo jingine ambalo wanunuzi wengi hawajalitafakari. Injini ya EJ20, ile iliyoijengea Subaru jina, iliagwa Japani kwa toleo la mwisho lililotangazwa mwaka 2019, magari 555 tu. Mwaka 2022 kampuni ikatangaza kwamba haitaunda STI, lile toleo kali zaidi la WRX, ya petroli juu ya muundo mpya wa gari hilo. Lancer Evolution, mshindani wake, nayo ya mwisho ilishatoka kiwandani kabla ya hapo. Maana yake ni kwamba mlango unafungwa. Nyingi za STI na Evolution utakazoonyeshwa kuanzia sasa ni zile ambazo tayari ziko Kenya, zilizopita mikononi mwa watu watatu, wanne, watano, na kila mmoja wao aliongeza kitu. Mmoja aliweka eksosi kubwa. Mwingine alibadilisha programu ya kompyuta ya injini ili tabo isukume zaidi. Wa tatu aliuza alipoanza kuona moshi.

Gari la aina hii lililochezewa na watu wengi usilinunue kwa macho. Bei yake ya chini ni deni la mtu mwingine linalohamia kwako.

Sasa niseme kuhusu maji, kwa sababu nadhani hapa ndipo gari la mbio linapofia Ukambani kuliko mahali pengine popote, na sijaona watu wakiyazungumzia vya kutosha.

Visima vingi vya maeneo ya chini ya Kitui na Makueni hutoa maji ya chumvi. Anayeishi Ikanga au Kathonzweni analijua hilo kwa chai yake. Maji hayo hayo ndiyo yanayotiwa kwenye rejeta. Mwenye gari ameona mshale wa joto unapanda, amesimama kando ya barabara, mama wa kibanda amemsaidia kwa galoni ya njano, naye ametia na kushukuru. Kesho yake anatia tena. Nimesimama kwenye gereji moja ya Kalundu, Kitui mjini, fundi akifungua mfuniko wa rejeta ya Forester ya tabo. Ndani kulikuwa na ukoko mweupe umeshika kingo zote, na maji yaliyotoka yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Fundi alichovya kidole, akakisugua na kidole gumba, akamwonyesha mwenye gari zile punje.

"Bosi, haya maji umeyatoa wapi?"

"Ni ya kisima cha nyumbani. Ni safi, hata sisi tunayanywa."

"Wewe unayanywa na kuyatoa. Hii inakaa nayo."

Injini ya Subaru imelala: pistoni zake hupiga kushoto na kulia, si juu na chini, na vichwa vyake ni vya aluminiamu, kila kimoja upande wake. Muundo huo huliweka gari chini na kulifanya lishike kona vizuri ajabu. Lakini kichwa cha aluminiamu kikichemka hupinda kirahisi, gasketi ikaachia, gesi ya injini ikaingia kwenye maji na maji yakaingia kwenye oili. Ukoko wa chumvi huziba vijia vyembamba vya rejeta, joto likakosa pa kutokea. Juu ya hayo ongeza tabo, ambayo huzunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika ikisukumwa na moshi wa moto wa injini yenyewe, na uongeze jua la Februari kati ya Kibwezi na Mutomo. Kwenye Impreza na Forester za tabo, kipoza hewa itokayo kwenye tabo kimekaa juu ya injini, chini ya lile tundu la boneti. Ukisimama kwenye foleni ya malori pale Emali saa saba mchana, kipoza hewa hicho kinachomwa na injini iliyo chini yake.

Dawa ni rahisi na ni ya lazima: kulanti yenyewe, iliyochanganywa na maji yaliyosafishwa, ya kuuzwa kwenye chupa, na lita kadhaa za akiba ndani ya buti wakati wote. Kama huna, maji ya mvua ya tangi ni bora mara elfu kuliko ya kisima. Mwenye Probox anaweza kupuuza ushauri huu kwa muda mrefu kabla ya kulipia. Wewe utalipia wiki hiyo hiyo.

Petroli nayo ina lake. Injini za WRX na STI za soko la Japani zilipangwa kunywa petroli ya oktani ya juu, inayokaribia 100. Petroli ya kawaida tunayouziwa hapa iko chini ya hapo. Injini ya tabo ikinyweshwa petroli dhaifu, mchanganyiko huwaka kabla ya wakati wake, na ule mgongano mdogo mdogo hupasua kingo za pistoni zinazobeba ringi. Kompyuta ya gari hujaribu kujihami kwa kupunguza nguvu. Lakini kama mwenye gari wa zamani aliichezea kompyuta hiyo, kinga imeondolewa. Nairobi utapata vituo vinavyouza petroli ya daraja la juu. Ukishapita Kwa Vonza kuelekea mashariki, au ukipanda milima ya Mbooni, unatia iliyopo.

Kwa matumizi ya kawaida, STI itakupa kilomita 8 hivi kwa lita moja, ukiwa mpole. Kitui hadi Nairobi na kurudi ni kilomita 350 au zaidi kidogo. Petroli ikiwa shilingi 180 kwa lita, safari hiyo ni lita 44, karibu shilingi 7,900. Gari dogo linalokwenda kilomita 15 kwa lita litakula 4,200. Tofauti hiyo peke yake haimwangushi mtu mwenye mshahara mzuri. Huwaangusha wale walioihesabu petroli wakadhani ndiyo gharama yote.

Oili ya sintetiki, lita 4 na nusu hivi, ibadilishwe kila kilomita 5,000 au mapema zaidi kwa vumbi letu, na kijiti cha oili kitazamwe kila unapotia petroli, kwa sababu injini hizi hula oili kimyakimya. Mkanda wa taimingi ubadilishwe ifikapo kilomita 100,000, pamoja na pampu ya maji na vile vipuli vinavyouongoza. Ukikatika, valvu hugongana na pistoni na injini yote ni chuma chakavu. Hata plagi, ambazo kwenye gari la kawaida hubadilishwa wakati chai inachemka, hapa zimejificha ubavuni karibu na chasisi na zinataka fundi mwenye subira.

Halafu matairi. Subaru hizi huendesha magurudumu yote manne kwa pamoja, na katikati kuna difrenshali inayogawa nguvu mbele na nyuma. Inataka matairi manne yenye mzunguko sawa. Ukipasukiwa na tairi moja pale Zombe, ukaweka jipya moja na kuacha matatu yaliyoisha, difrenshali itakuwa inafanya kazi kila sekunde kusawazisha tofauti ambayo haiishi, hadi iungue. Na tairi lenyewe la rimu ya 17 au 18, lenye ubavu mwembamba, hulipati kwa muuza matairi wa kawaida wa Mutitu, ambaye ameweka yale yanayotoka kila siku, ya Probox na ya bodaboda. Unasubiri litoke Nairobi, na ubavu mwembamba ndio hasa usioyavumilia mawe yetu.

Maana lami nzuri ninayoisifu haifiki mlangoni pa watu wengi. Unatoka lami Kisasi, Tawa au Nunguni, na kilomita za mwisho ni changarawe, mchanga wa mto, drifti na makorongo yaliyochimbwa na mvua ya Novemba. WRX ya kawaida imeinuka sentimita 15 hivi kutoka ardhini, na nyingi zimeshushwa zaidi kwa springi fupi kwa ajili ya sura. Kinga ya chini ya injini hupasuka kwanza, halafu sampo. Na niseme kwa uzito unaostahili kwamba mito yetu haimwogopi mtu mwenye gari la nguvu. Tarehe 4 Desemba 2021, karibu na Mwingi, mto Enziu ulizoa basi la watu waliokuwa wakienda harusini, na zaidi ya watu 30 wakafa. Basi lile lilikuwa refu na zito kuliko Impreza yoyote. Gari la chini halina biashara kwenye drifti yenye maji.

Turudi kwa fundi, kwa sababu ndiye niliyeanza naye. Ukambani ina mafundi hodari. Wanaweza kufufua Land Cruiser ya mishonari na lori la mchanga lililokatika chasisi, na sitaki mtu asome haya kama dharau kwao. Lakini fundi hujifunza kwa magari yanayomjia. Kitui na Makueni zimejaa Probox, Fielder, Hiace na Noah, na mafundi wamezijua kwa giza na kwa mwanga. Subaru ya tabo huja mara moja moja, mara nyingi ikiwa imeshakufa. Hajapata nafasi ya kujifunza juu ya gari lenye afya, wala mashine ya kompyuta inayosoma hitilafu zake zote hana. Kwa hiyo spea hutafutwa Kirinyaga Road kule Nairobi, mahali ambapo wengi wetu bado tunapaita Grogan, zikatumwa kwa matatu ya jioni. Ikiwa iliyotumwa siyo, siku mbili zimepotea. Ikiwa ni ya kuigiza, utajua baada ya mwezi. Na kazi ikiwa kubwa, gari lenyewe linapandishwa juu ya bredauni hadi Nairobi, nawe unalipia mwendo huo kabla hujalipia chochote kingine.

Kuna jambo la mapato pia, na hapa ningependa tuongee kama watu wa nyumbani. Pesa za Ukambani hazitoki kwa mstari ulionyooka. Mwenye maembe ya Makueni anaona pesa kuanzia Novemba hadi Februari au Machi, halafu anangoja. Mwenye ndengu za Kitui anategemea mvua mbili za mwaka, na mwaka mwingine mojawapo inamkosa. Mfanyakazi wa kaunti anajua miezi ambayo hazina kuu imechelewesha mgao na mshahara ukakawia. Gari lenye matengenezo mengi halijui kalenda hiyo. Litaomba klachi mwezi wa karo.

Na wengi hununua kwa mkopo wa Sacco. Mkopo wa Sacco una wadhamini: mwalimu mwenzako, binamu yako, muuguzi mliyesoma naye. Wamesaini wakiamini wewe ni mtu wa kulipa. Injini ikifa mwezi wa sita na mkopo una miaka mitatu mbele, utachagua kati ya kulipa mkopo na kutengeneza gari, na ukichagua gari, akiba zao ndizo zitakazokatwa. Wapo wanaoliweka gari lenyewe rehani kwa mkopo wa logibuku ili walitengeneze. Hapo gari linakula gari. Sijaona mtu akitoka kwenye shimo hilo akiwa nalo bado.

Swali ambalo ningetaka kila mnunuzi alijibu kwa sauti, mbele ya mwenzi wake, ni hili: je, hili ndilo litakuwa gari pekee la nyumba? Kama ndiyo, basi ndilo litakalompeleka mama hospitali ya rufaa usiku, ndilo la kubeba magunia ya saruji, la kwenda matanga Tseikuru na la kurudisha watoto shuleni wakati wa kufungua. Gari la nyumba halina ruhusa ya kulala gereji wiki tatu likisubiri gasketi kutoka nje. Baba mwenye gari la milioni mbili anayekodi bodaboda kumpeleka mtoto mwenye homa zahanati hajakosa pesa. Alizielekeza mahali pasipofaa, na familia ndiyo inayobeba.

Kasi yenyewe pia tuitazame. Kikomo cha juu kabisa kwa gari la binafsi katika barabara zetu ni kilomita 110 kwa saa, na mijini ni 50. Barabara ya Mombasa inayoipasua Makueni kutoka Salama, Sultan Hamud, Emali, Makindu, Kibwezi hadi Mtito Andei ni ya njia mbili tu kwa sehemu kubwa, malori yakifuatana usiku na mchana. Ile ya Mutomo ina mbuzi, ng'ombe na watoto wa shule. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyo mahali pa kuonyesha STI inaweza nini, na makaburi ya waliojaribu yako katika kila tarafa. Anayetaka mbio za kweli aende kwenye mashindano yanayosimamiwa na Kenya Motor Sports Federation, avae kofia ngumu na apimwe kwa saa. Huko ataheshimiwa.

Basi nani anunue? Nasema wazi kwamba wapo, na ningefurahi kuwaona wakilifurahia. Mwenye gari jingine la kazi nyumbani, hata kama ni Probox iliyochoka. Mwenye akiba ya kubadilisha injini nzima, iliyowekwa kando na haiguswi, kabla hajalipa bei ya gari lenyewe. Kipimo changu ni hicho, na sikilegezi: kama huwezi kununua gari na injini ya pili siku moja, gari hilo bado si lako. Mwenye fundi anayelijua, ambaye amezungumza naye ana kwa ana na kukubaliana kwamba atampokea. Na mwenye moyo wa kulisikiliza, anayelipasha moto taratibu asubuhi, anayeliacha lipumue kabla ya kulizima baada ya mwendo mkali, anayeona furaha katika kulitunza. Mtu wa namna hiyo akiishi Wote au Kitui ataishi nalo miaka mingi, na mimi nitakuwa wa kwanza kumwomba anipitishe hadi Mbooni.

Wengine wanaotaka uchangamfu bila adha, Forester isiyo na tabo itawatosha. Imeinuka kiasi cha kuyavuka makorongo yetu, huendesha magurudumu yote manne vile vile, na joto lake ni la kawaida, mradi usiitie maji ya kisima. Mark X inavutia sana barabarani na haina tabo, lakini iko chini mno kwa mtu wa Endau.

Nina ombi pia kwa vyuo vyetu. Kitui National Polytechnic na Wote Technical Training Institute zinatoa vijana wa mitambo kila mwaka. Magari yanayokuja sasa, ya mbio na yasiyo ya mbio, yana kompyuta nyingi kuliko ofisi ya chifu, na magari ya umeme na ya mseto yako njiani. Vijana wapewe mashine za kusomea hitilafu, wapewe injini za tabo za kufungua na kufunga, na wenye magari haya wawapokee kama wanagenzi badala ya kukimbilia Nairobi kila mara. Fundi wa karibu hatatokea kwa kungojwa.

Na wewe uliyeshaamua kwenda kulitazama gari: nenda asubuhi, nenda na fundi wako, na mwambie muuzaji mapema asiliwashe. Injini ya Subaru isikilizwe ikiwa baridi. Fungua rejeta kwa mkono wako na utazame rangi ya maji. Fungua mfuniko wa oili utazame kama kuna utando wa maziwa. Waliwashe huku wewe umesimama nyuma, uone moshi wa kwanza ni wa rangi gani, na umsikilize fundi wako kuliko unavyousikiliza moyo. Ukifika ukakuta boneti lina joto tayari, rudi nyumbani na pesa zako.